Kocha Hatumlipi, Basi Hatumwulizi: Barua ya Wazi kwa Wazazi wa Voi

Kwa wazazi na walezi wa watoto wanaocheza katika klabu za mpira za Voi. Nakala kwa kamati za klabu hizo, kwa Afisa wa Watoto, Voi, na kwa idara ya michezo ya Kaunti ya Taita Taveta.

Wazazi wenzangu,

Barua hii nawaandikia nyinyi, makocha wasome wakipenda. Wao wameshasemwa vya kutosha, barazani kwa chifu na kwenye vikundi vya WhatsApp, kila inapozuka fununu ya jambo baya. Sisi bado hatujasemwa. Na mimi naona usalama wa watoto wetu uwanjani unalegea kwetu kwanza, tena unaanza kulegea mfukoni.

Klabu nyingi za watoto hapa mjini hazitozi ada. Kocha ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, akachezea timu ya mtaa hadi goti likagoma, na sasa mchana anaendesha bodaboda au anashika kibarua cha mjengo. Saa kumi jioni, jua likipunguza ukali, anakusanya watoto 30 au 40 uwanjani. Mipira ni miwili, mmoja umeshonwa. Koni ni chupa za soda zilizotiwa mchanga. Maji ya kunywa ananunua mwenyewe, mtungi wa lita 20, katika kaunti ambayo chemchemi zake za Mzima zinanywesha Mombasa huku mifereji yetu ikikohoa hewa. Mwisho wa mwezi hakuna anayempa hata shilingi.

Kwa hivyo tunamshukuru. Tunamshukuru sana, na shukrani hiyo ndiyo inayotufunga mdomo. Mwalimu wa shule akiongeza shilingi 50 za karatasi za mtihani, tunafika ofisini asubuhi na mapema kumtaka maelezo. Kocha akimrudisha mtoto saa mbili usiku, tunasema "asante kocha, Mungu akubariki," tunafunga mlango. Mtu anayekufanyia hisani humhoji. Ndivyo tulivyolelewa, wa milimani na wa pwani sawa. Naye kocha analijua hilo, awe mwema au awe na lake jambo.

Wengi wao ni wema. Nikiwapanga watu wazima waliomsaidia mwanangu kukaa mbali na vijiwe, kocha wake atasimama mstari wa mbele. Ila hatuwajui. Siku moja mwulize mzazi aliyesimama karibu nawe: kocha huyu kwenye kitambulisho anaitwa nani? Utapewa jina la utani. Anaishi wapi? "Nafikiri upande wa Mwakingali." Alifundisha wapi kabla ya kuja hapa? Hapo mazungumzo yanahamia kwenye mechi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na inasema waziwazi kwamba jukumu hilo ni la baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo ina sehemu nzima juu ya jukumu la mzazi. Sijaona popote palipoandikwa kwamba jukumu hilo hupumzika saa kumi jioni na kurejea saa kumi na mbili. Akina baba nawataja makusudi. Siku ya mechi mnajaa, mnapanga kikosi kuliko kocha. Siku ya mkutano wa wazazi wanakuja akina mama na nyanya, na baba mmoja ambaye ni mweka hazina.

Nianze na njia ya kurudi nyumbani, kwa sababu ndiyo hatari tunayoiona kila jioni hadi tumeizoea. Hapa kwetu saa moja giza limeshatanda. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii ni mbuga ya Tsavo, na ndovu hawasomi mabango ya shirika la wanyamapori, KWS. Jioni ndiyo saa yao ya kutembea kufuata maji na mashamba. Mtoto anayeenda upande wa Ndara au wa Sagalla anaandamana nao njia moja. Kule Sagalla watu wamechoka hadi wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki, na inasaidia, maana ndovu na ukubwa wake wote anamwogopa nyuki. Lakini mizinga inalinda mahindi. Mtoto wa miaka 11 mwenye njumu shingoni halindwi na mzinga wowote akiwa njiani peke yake.

Halafu kuna wale wanaovuka barabara kuu ya Mombasa malori yakiwa yanashuka kwa kasi, na wale wanaopewa lifti. Lifti ni neno dogo. Mji wetu ni mji wa njia: dereva analala leo, kesho yuko Malaba, na hakuna anayekumbuka nambari ya gari. Bodaboda nao ni vijana wetu, tunawajua, ila mtoto akipakiwa wa tatu juu ya pikipiki bila kofia, usiku, kwa sababu "ni rafiki ya kocha", hapo tumekabidhi maisha yake kwa mtu wa tatu ambaye hata sura yake hatujaiona.

Dawa ya hili haihitaji mfadhili. Mazoezi yaishe saa kumi na mbili kasorobo, ipende isipende timu. Watoto wapangwe kwa mtaa: wa Kaloleni pamoja, wa Sofia pamoja, wa Birikani pamoja, na kila kundi liwe na mzazi mmoja wa zamu wa kulifuata. Kwenye kundi la watoto kumi, zamu yako ya wiki itarudi baada ya miezi miwili na zaidi. Anayeshindwa kutoa jioni za wiki chache kwa mwaka mzima asiniambie habari ya kipaji cha mwanawe.

Sasa safari. Mechi za ugenini ndizo tamu kwa watoto na ndizo zinazoninyima usingizi mimi. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100, na kipande kikubwa baada ya Maktau ni mbuga kushoto na kulia. Kupanda Wundanyi ni kona juu ya kona. Timu inakodi matatu moja ya abiria 14, inaingiza watoto 22, kocha, kipa wa akiba na mfuko wa mipira. Nauli imechangwa na mheshimiwa fulani ambaye jina lake limechapishwa mgongoni kwa kila jezi, na ambaye baada ya kupigwa picha na kombe lake haulizi timu ilirudi saa ngapi. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia makombe haya yatazidi, na 2027 si mbali. Yapokeeni, mipira tunaihitaji. Lakini anayeleta kombe aambiwe pia gharama ya gari la pili.

Nimeona kwa macho yangu yanayotokea mambo yakiharibika. Mvulana aliangukia mkono katika mechi ya ugenini, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Klabu siitaji, wala hospitali. Kocha alimfikisha haraka, na hapo ndipo maswali yalipoanza. Jina kamili la mtoto? Kocha alilijua la kwanza. Tarehe ya kuzaliwa? Hakuna. Ana mzio wa dawa yoyote? Nani ajue. Simu ya mama ilikuwa imezimwa, ya baba haikuwa kwenye orodha kwa sababu orodha yenyewe haikuwepo. Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya bima ya afya ya SHA, na mtoto hutibiwa kwa usajili wa mzazi. Mzazi asipokuwepo na nambari yake ya kitambulisho haijulikani, mtu aliye na mtoto ndiye anayetoa pesa mfukoni. Kocha, kijana wa bodaboda, aliacha simu yake kama rehani. Mzazi alipofika usiku, neno la kwanza alilomwambia kocha lilikuwa la kumlaumu.

Karatasi moja ingemaliza yote hayo. Jina, tarehe ya kuzaliwa, magonjwa, mzio, simu za watu wazima watatu, nambari ya SHA, na sahihi ya mzazi ya kumruhusu mtoto kusafiri siku ile na kutibiwa ikibidi. Nakala moja ikae kwa katibu, nyingine kwenye mfuko wa kocha. Kama kuna kitu kocha anastahili kutudai, ni karatasi hii, na nawasihi makocha: mtoto ambaye karatasi yake haijaletwa asipande gari, hata awe ndiye mfungaji bora.

Kuhusu safari za kulala, nitasema kwa urefu.

Timu ikilala nje, watoto hulazwa darasani kwenye mikeka au magodoro ya kuazima. Nani analala nao? Nimeuliza swali hili katika mikutano miwili ya klabu tofauti, na mara zote jibu lilikuwa kicheko kwanza, kisha, "si kocha yupo?" Kocha yupo, ndiyo. Mtu mzima mmoja, milango imefungwa, watoto 20, usiku mzima. Hata angekuwa padri nisingekubali, na ningekataa kwa faida yake pia. Kijana mwema anaweza kuharibiwa jina na neno moja la uongo, na hatakuwa na shahidi. Watu wazima wawili ambao si ndugu, kila safari ya kulala, na timu ya wasichana isitoke bila mwanamke mzima. Mwanamke huyo asiwe wa kupika tu. Msichana wa miaka 13 aliyepata hedhi akiwa Taveta, mbali na mama yake, hatamwendea kocha mwanamume kumwomba sodo. Atajifunga kitambaa, atasema tumbo linauma, na atakaa benchi akiitwa mvivu.

Mwenye kuona haya ni hofu za kina mama asikilize ya Uingereza. Kulikuwa na kocha wa watoto, Barry Bennell, aliyefanya kazi na klabu ya Crewe Alexandra. Alikuwa na sifa ya kugundua vipaji, na wavulana walikuwa wakilala nyumbani kwake. Hakuwaiba. Wazazi waliwapeleka wenyewe, na wengine walijiona wana bahati mtoto kuchaguliwa. Novemba 2016 mchezaji wa zamani, Andy Woodward, alijitokeza hadharani kueleza alivyodhulumiwa, na baada yake wakajitokeza wengi. Uchunguzi ulioongozwa na wakili Clive Sheldon, uliotolewa Machi 2021, ulikuta chama cha soka cha nchi hiyo kilizembea kwa miaka kati ya 1995 na 2000 kabla ya kuweka kinga za watoto. Nchi yenye pesa, ofisi na mawakili. Sisi tuna mweka hazina mmoja.

Kwetu nako hakujasalimika. Mwanariadha Agnes Tirop alipouawa Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, nchi ililia, kisha serikali ikaunda kamati chini ya Catherine Ndereba kuchunguza dhuluma za kijinsia michezoni. Wengi wetu tuliisikia kwenye taarifa ya saa moja tukaona ni mambo ya wanariadha wakubwa huko bondeni, wenye nyumba na magari ya kugombaniwa. Lakini mwanariadha mkubwa huanza akiwa msichana wa shule mwenye miguu mepesi, na mtu mzima anayemwambia nitakufanya mtu. Maneno hayohayo yanasemwa kwenye viwanja vyetu kila jioni, mara nyingi kwa nia njema, na mtoto hana kipimo cha kuitambua nia.

Kipimo hicho inabidi tuwe nacho sisi. Mtoto akija na njumu mpya ambazo hukumnunulia, uliza zimetoka wapi, tena uliza kwa upole, usimpige, kwa maana ukimpiga leo kesho atazificha. Vivyo hivyo simu, pesa za matumizi, na jumbe za usiku. Kocha ana haki ya kutangaza mazoezi kwenye kikundi ambacho wazazi wamo. Hana sababu ya kumwandikia msichana wa gredi ya nane peke yake saa nne usiku kumuuliza kama amelala. Mazoezi ya ziada ya mtoto mmoja nyumbani kwa mtu, hapana. Na uwepo wetu peke yake hautoshi, maana Larry Nassar, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani, aliwadhulumu wasichana wengine mzazi akiwa ndani ya chumba, akijifanya anawatibu. Mzazi alikuwepo, alichokosa ni ujasiri wa kumuuliza daktari mashuhuri, "unafanya nini hapo?"

Watu wameniambia tudai cheti cha tabia njema cha polisi. Tudai, ndiyo, na klabu ichangie gharama. Ila tusikifanye hirizi. Cheti kinaonyesha aliyewahi kushikwa. Aliyemalizana na familia ya mtoto chini ya mwembe, kwa mbuzi na shilingi elfu kadhaa, ana cheti safi kuliko changu.

Na hapo nimegusa kidonda. Tunayamaliza nyumbani. Tunasema mtoto ataaibika, tunasema kijana wa watu ataharibikiwa maisha, tunasema sisi ni majirani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haijui ujirani: kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake ni kifungo cha maisha, wa miaka 12 hadi 15 si chini ya miaka 20, wa miaka 16 na 17 si chini ya miaka 15. Eti mtoto alikubali? Mtoto hana uwezo wa kukubali jambo hilo kisheria. Wazee wanaokaa kulipatanisha wanamfundisha aliyetenda bei ya kutenda tena, na kwa kawaida anatenda katika klabu nyingine, kilomita 20 tu kutoka ile ya kwanza.

Likitokea, Mungu aepushe, fanyeni hivi. Mtoto asikilizwe amalize, asikatizwe kwa maswali ya "ulikuwa umevaa nini". Asiogeshwe, na nguo zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Hospitali kwanza, na hapa Voi tunayo ya Moi, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea mkikaa kikao cha ukoo inahesabiwa. Msizuiwe na mtu anayesema mlete fomu ya polisi ya P3 kwanza ndipo mtoto atibiwe. Matibabu hayasubiri fomu. Kisha polisi, dawati la jinsia, na Afisa wa Watoto. Asiyeweza kutoka nyumbani apige 116, ni bure, mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga. Ningependa nambari hiyo iandikwe kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa kila uwanja tulio nao, mahali ambapo sasa pameandikwa majina ya wagombea.

Nipite haraka kwenye makosa ambayo ni yetu wenyewe moja kwa moja.

Kelele za pembeni. Mtoto wa miaka tisa anakosa penalti, na sauti ya kwanza anayosikia ni ya baba yake ikimwita jina la mnyama. Wengine wanapigwa wakifika nyumbani, na nimesikia watu wazima wakiwekeana dau kwenye mechi ya watoto wasiofika kumi na mbili. Muguka nao, yale majani ya kutafuna: Mei 2024 kaunti yetu ilitangaza kuupiga marufuku, ikizifuata Mombasa na Kilifi, mambo yakaenda kortini na siasa ikaingia. Kibanda cha karibu na uwanja hakikusubiri hukumu. Mnunuzi wa kwanza wa jioni ni mzazi aliyekuja kutazama mwanawe.

Umri ndio unaoniudhi zaidi, maana hapa tunashiriki na sahihi zetu. Kijana wa miaka 17 anapatiwa cheti cha kuzaliwa cha ndugu yake ili acheze na wa chini ya 14. Tunacheka, tunashinda, tunachinja mbuzi. Kwanza anayegongwa na kijana huyo ni mtoto wa mwenzako mwenye kilo 35. Pili, uongo huo haufiki mbali: tangu 2009 FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 17, na mfupa haughushiwi. Tatu, mtoto anayeishi kwa jina lisilo lake ana siri na kocha, na mtoto mwenye siri na mtu mzima ni rahisi kushikwa mateka na mtu huyohuyo.

Na wale wanaokuja kutoka Nairobi na kwingineko na fulana zenye nembo, wakisaka vipaji, wakidai pesa ya pasipoti na ya majaribio Ulaya: kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi, isipokuwa kwa hali chache zinazopita kwenye ofisi zenye karatasi. Mtu anayemwahidi mtoto wako wa miaka 14 Ubelgiji mwezi ujao anadanganya, au anamtaka kwa kazi nyingine. Msimuuzie shamba.

Sasa pesa, nirudi nilikoanzia. Napendekeza kila mzazi atoe shilingi 200 kwa mwezi. Klabu ya watoto 40 itakuwa na 8,000. Si mshahara, lakini ni posho ya kocha, maji, bandeji na barafu, na nauli ya mzazi wa pili safarini. Kitakachobadilika zaidi ni mdomo wetu: tukishatoa, tutauliza bila haya, na kocha naye atakuwa na haki ya kutudai karatasi, zamu na adabu. Wapo wasioweza. Mzazi anayekata mkonge kwa kibarua asiambiwe alete 200 au mtoto akae nje. Huyo atoe zamu mbili badala ya moja, na kitabu cha mweka hazina kisionyeshe nani alitoa nini. Mtoto akifukuzwa mazoezini kwa ajili ya ada, mpango wangu wote utakuwa umeharibika, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema ufutwe.

Hatubuni jambo geni. Mathare, Nairobi, chama cha MYSA kilianza 1987 na mipira na uzoaji taka, timu zikipata pointi kwa kusafisha mtaa, na vijana wenyewe wakapewa kamati za kuendesha. Karibu nasi zaidi, Kilifi, Moving the Goalposts imewachezesha wasichana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wasichana hao ndio wakawa marefa, makocha na washauri wa wenzao. Msichana wa Kilifi akiwa na neno la kusema ana msichana mkubwa wa kumwambia. Wa Voi ana nani? Ningefurahi kuona kila klabu yetu ina mtu mmoja, asiye kocha wala jamaa yake, anayejulikana na watoto wote kwa jina na kwa simu kuwa ndiye wa kuambiwa. Mwalimu mstaafu, muuguzi, mama wa kanisa au wa msikiti, yeyote mwenye masikio na asiyeweza kunyamazishwa.

Kwa waheshimiwa wa kaunti nina machache, kwani najua barua ndefu hazisomwi huko. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka klabu zisajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Nyingi za watoto hapa hazijasajiliwa, na hazina kinachozisukuma. Anzeni kwa kutotoa uwanja wa umma, jezi wala kombe kwa klabu isiyo na orodha ya watoto, majina ya viongozi na mtu wa kuambiwa. Wekeni taa na vyoo viwili vyenye milango inayofungwa kwa ndani, cha wavulana na cha wasichana. Tangu mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilipofika robo fainali, watoto wamefurika viwanjani, na AFCON ya 2027 itawaleta wengine. Tutapokea watoto wengi kuliko tulivyo na watu wazima wa kuwaangalia.

Kwenu wazazi, naomba tukutane Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi kabla jua halijawa kali, kila klabu kwenye uwanja wake. Mje na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kilicho chake kweli, na nambari tatu za simu zinazopatikana. Baba na mama waje wote wawili penye wawili. Kwa klabu ya mwanangu, kalamu nitaleta mimi. Mwenyekiti wa mkutano awe mzazi. Kocha tutampa kiti na maji, naye aulizwe jina lake kamili mbele yetu sote, kwa heshima, na liandikwe.

Ni mimi mzazi mwenzenu,
Kaloleni, Voi.